Karata Zangu za Wanyama

Msomaji mwema, chini ya meza yangu pana kisanduku cha bati, na ndani yake mna karata 78. Karata 77 nilizichora kwa mkono wangu mwenyewe. Moja ilichorwa na mtoto wa miaka 13, nayo ndiyo bora kupita zote. Nataka kukusimulia habari ya karata hizo, tangu zilipokuwa makaratasi matupu hadi usiku ule nilipoitia moja motoni kwa woga wangu. Usidhani kuwa nakusudia kukufundisha kamari, wala kukufundisha kutazamia mambo yajayo. Nakusudia kukueleza jinsi mwalimu alivyopata kufundishwa, na ada aliyoilipa kwa mafunzo hayo.

Nilizifahamu karata za namna hii nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Siku moja niliagizwa kusafisha kabati la chumba cha sanaa, na nyuma ya mikebe ya rangi iliyokauka nikaona kiboksi kilichoachwa na mgeni fulani wa zamani. Nilipokifungua, kazi ya kusafisha ilisimama. Palikuwa na picha ya mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini, lakini uso wake ulikuwa umetulia kama uso wa mtu aliyelala. Palikuwa na mnara uliopigwa na radi. Palikuwa na mzee mpweke aliyeinua taa gizani. Kila picha ilikuwa kama mlango ulioachwa wazi kidogo, nami nilitamani kujua kilichokuwa ndani. Mkufunzi wetu aliniambia kwamba hizo ni karata za taroti, na kwamba wako watu wanaozitumia kupigia ramli. Kisha akaniambia niendelee kufagia.

Baadaye nilisoma habari zake, nikajua kuwa ramli haikuwa asili ya karata hizo. Taroti ilizaliwa kaskazini ya Italia katika karne ya 15, nayo ilikuwa mchezo tu wa kujifurahisha katika nyumba za wakuu, kama ule wa Milan. Karata 56 zilikuwa za makundi manne: vikombe, sarafu za dhahabu, panga na marungu, na kila kundi lilikuwa na karata 10 za hesabu na karata 4 za watu wa ikulu. Zilizosalia, karata 22, zilikuwa turufu, yaani karata zenye nguvu ya kuzila nyingine. Watu walicheza hivyo kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1781 mwandishi mmoja wa Paris, Antoine Court de Gébelin, alitangaza kwamba picha hizo ni mabaki ya kitabu cha hekima cha Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Hata maandishi ya Misri ya kale hayakuwa na msomaji katika zama zake, kwa kuwa Jean-François Champollion alifumbua siri yake mwaka 1822. Walakini uvumi una miguu myepesi kuliko ukweli. Tangu hapo taroti ikaanza kuitwa kinywa cha majaliwa, na wengi hawakukumbuka tena kuwa ilikuwa mchezo.

Mambo mawili katika habari hizo yalinipendeza mno. La kwanza ni hili. Picha za taroti zinazojulikana zaidi siku hizi zilitolewa London mwaka 1909, na aliyezichora ni mwanamke, Pamela Colman Smith. Huyu alikaa Jamaica katika utoto wake, na mwaka 1899, miaka 10 kabla ya karata zile, alitoa kitabu cha hadithi za Anansi, yule buibui mjanja ambaye ngano zake zilivuka bahari kutoka Afrika ya Magharibi pamoja na watumwa. Kwa hiyo mkono uliochora picha zile ulikuwa umekwisha kuzoea ngano za wanyama, ambao ni jamaa wa sungura na fisi wetu.

Jambo la pili limo ndani ya lugha yetu wenyewe. Wewe, msomaji, ukicheza karata husema kopa, uru, shupaza na pau. Je, umepata kujiuliza maana ya maneno hayo? Yote ni ya Kireno. Yalishuka katika pwani yetu pamoja na mabaharia na askari waliokuja tangu mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593. Kwa Kireno, kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, na pau ni marungu. Ni makundi yale yale ya karata za kale za Italia! Picha zimebadilika, vikombe vimekuwa mioyo, lakini majina yamekaa kinywani mwetu karne baada ya karne bila ya sisi kujua tulichokuwa tukikitaja. Nilipogundua hayo niliona kama nimepewa ruhusa. Nikaazimu kutengeneza taroti yangu, yenye wanyama wa nchi yangu, iwe chombo cha kufundishia insha.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa katika shule moja ya msingi upande wa Voi, mahali ambapo usiku mtu husikia garimoshi likipita na fisi wakijibizana nyuma yake. Nilikuwa na darasa la saba, watoto 39. Wengi wao walikuwa wakisimulia vizuri mno chini ya mti, lakini ukiwapa kalamu waliandika insha moja tu: “Siku moja niliamka asubuhi na mapema, nikapiga mswaki, nikanywa chai.” Nilichoka kunywa chai ile.

Kutengeneza karata ni kazi inayoonekana ndogo kwa asiyeijua. Nilinunua manila mbili nyeupe nikazikata kwa mkasi, kila karata sentimita 7 kwa 12. Nilipomaliza niliona kwamba hakuna mbili zilizolingana. Kwa kupapasa tu mtoto angeweza kuijua ya tembo na ya jogoo. Nikaanza upya. Safari hii nilikata kipande cha bati kiwe kipimo, nikakatia wembe pembeni mwake, na pembe za kila karata nikazipima kwa sarafu ya shilingi kumi ili ziwe duara. Kosa la pili lilikuwa wino, maana ulipenya karatasi na mnyama akaonekana hata kwa nyuma. Basi nikapika gundi ya unga wa ngano, nikabandika nyuma ya kila moja karatasi ya kaki, ile ile mnayofunikia madaftari yenu, nikazilaza zote chini ya mawe siku tatu zisije zikajikunja. Karata ambayo mgongo wake hausemi kitu ndiyo karata ya haki.

Makundi manne hayakunisumbua. Kopa niliwapa wanyama wa majini, kwa kuwa kikombe hukaa maji. Uru niliwapa mifugo, kwa kuwa ng'ombe na mbuzi ni dhahabu inayotembea. Shupaza niliwapa ndege, kwa ajili ya midomo na kucha zao. Pau niliwapa wanyama wa mwituni, na mfalme wao nikamfanya simba. Tano ya kopa ilikuwa kambare watano; nne ya uru ilikuwa ng'ombe wanne. Uchoraji wangu si wa kusifiwa: nguchiro wangu alifanana na panya aliyeshiba, na watoto walimcheka mwaka mzima.

Turufu 22 ndizo zilizonikesha. Hapo haikutosha kuchora mnyama. Ilinibidi nimwulize kila mmoja yeye ni nani. Mfanya mazingaombwe nilimpa kinyonga, anayegeuza rangi yake. Malkia nilimpa ndovu jike, kwa maana kundi la ndovu huongozwa na mama mzee anayekumbuka yalipo maji. Wapendanao niliwapa digidigi, ambao huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao. Haki nilimpa mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye mzinga wa nyuki. Waborana wa kaskazini mwa Kenya wamefuatana naye tangu zamani, na mlembe hupata ujira wake wa nta na mabuu baada ya mtu kuvunja mzinga. Gurudumu la bahati nilimpa dundu anayeviringisha samadi. Mtu aliyening'inizwa alikuwa popo bila ya shaka, kwa kuwa yeye peke yake huning'inia kichwa chini na akaona raha. Mnara uliopigwa na radi ulikuwa kichuguu, nao waliokuwa wakitoka walikuwa kumbikumbi baada ya mvua. Jua lilikuwa jogoo. Nguvu sikumpa simba, nilimpa siafu. Na turufu ya mwisho, Dunia, niliwapa nyumbu, wanaozunguka nyika za Serengeti na Maasai Mara mwaka nenda, mwaka rudi, wakiifuata mvua.

Ilisalia turufu ya 13, nayo ni Kifo. Msomaji, tafadhali zingatia jambo hili. Wanyama 21 niliwatafutia sababu. Huyu mmoja sikumtafutia chochote. Usiku ulikuwa umekwenda sana, nje fisi alilia, nami nikamchora fisi: mgongo umeinama, meno nje, macho mekundu. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa za wino mwekundu: KIFO. Nikaenda kulala nikiwa nimeridhika.

Darasani karata zilifanya kazi kuliko nilivyotumaini. Kanuni ilikuwa nyepesi. Karata huchanganywa, mtoto hutoa tatu bila ya kuangalia, kisha huzirudisha ili mwenzake naye apate kutoa. Ya kwanza ni mwanzo wa hadithi, ya pili ni tatizo, ya tatu ni mwisho. Chai ya asubuhi ikaisha katika madaftari. Msichana mmoja aliyekuwa haandiki zaidi ya mistari sita alipata punda, kichuguu na kambare, akaandika kurasa tatu juu ya punda aliyekataa kupita penye kichuguu kwa sababu alijua, kabla ya watu, kuwa mto ulikuwa umefurika. Siku ya kwanza niliwaonya watoto kwamba karata hazijui lolote, wala hazina habari za kesho. Niliwaonya mara moja. Mara moja haikutosha.

Palikuwa na mvulana mmoja, mkimya, mwenye mwandiko mzuri. Jina lake nitalihifadhi. Alikuwa akilelewa na babu yake na nyanya yake, na babu huyo alikuwa mstaafu wa reli aliyejua masimulizi mengi. Jumanne moja mvulana huyu alitoa jogoo, akatoa ng'ombe wanne, kisha akatoa fisi. Aliandika hadithi ya mzee aliyeamka jogoo la kwanza kuwahesabu ng'ombe wake, akamkuta fisi amesimama mlangoni mwa zizi. Mzee hakurudi nyumbani. Ilikuwa insha bora kuliko zote za siku ile. Nilimpa alama 18 katika 20, na chini yake nikaandika kwa wino mwekundu: “Mwisho mzuri sana.”

Ijumaa usiku babu yake alifariki dunia.

Jumatatu dawati lake lilikuwa tupu, na darasa zima lilikuwa likinong'ona. Nilipouliza habari, mtoto mmoja alisimama akasema, “Mwalimu, alitoa fisi.” Hakuna aliyecheka. Saa ya mapumziko mkuu wa shule aliniita ofisini, kwa kuwa mzazi mmoja alikuwa amekwisha kufika kuuliza kama ni kweli kwamba shuleni watoto wanapigishwa ramli. Nilijibu kwa maneno mengi na kwa sauti ya juu, na kila neno lilikuwa kweli. Lakini jioni, nilipokuwa peke yangu, niliitoa karata ya 13 katika kisanduku. Yale macho mekundu niliyoyachora mimi yalinitazama. Nikaipeleka jikoni nikaitia katika jiko la makaa. Nakuambia hivi kwa sababu nimekuahidi ukweli: nilikuwa mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, nami niliogopa karatasi.

Mvulana alirudi shuleni baada ya mazishi. Hakulia, hakusema, na kalamu hakuishika. Mimi nilidhani dawa yake ni hesabu, basi kipindi kile nikakifanya cha hesabu. Niliandika ubaoni: karata 78, kila mtoto hutoa 3, kwa hiyo nafasi ya mtoto mmoja kumpata fisi ni 3 katika 78, yaani 1 katika 26. Watoto ni 39. Tukigawa 39 kwa 26 tunapata moja na nusu. Maana yake, katika kila kipindi tutazamie fisi kutoka mara moja au mara mbili. Kisha tulifungua madaftari yote tukahesabu. Tulikuwa tumefanya vipindi 8, na fisi alikuwa ametoka mara 11, kwa watoto 11 mbalimbali. Nikawauliza, “Katika hao 11, ni wangapi waliofiwa?” Mmoja. Nikawauliza tena, “Jogoo, aliye jua, ametoka mara ngapi?” Mara 14. “Je, iko siku kulikopambazuka mara mbili?” Hapo watoto walicheka, na ule mnong'ono wa siku nyingi ukakatika. Nilijiona nimeshinda.

Kengele ilipolia, mvulana alibaki. Alikuja mezani pangu akasema kwa adabu, “Mwalimu, hesabu nimeielewa. Naomba kuiona ile karata.”

“Haipo,” nikamwambia.

“Iko wapi, Mwalimu?”

Ningeweza kusema imepotea. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alinitazama kwa namna ambayo sikuweza. “Niliichoma,” nikasema.

Alifikiri kidogo, kisha akauliza swali ambalo sitalisahau: “Ikiwa ilikuwa karatasi tu, Mwalimu, mbona uliichoma?”

Msomaji mwema, ubao uliokuwa nyuma yangu ulikuwa umejaa tarakimu sahihi, lakini nguvu zote za tarakimu hizo zilikwisha pale pale. Kinywa changu kilikuwa kimefundisha jambo moja, na mkono wangu jambo jingine. Na mtoto, kama watoto wote, alikuwa ameuamini mkono. Sikuwa na jibu. Nilimwambia, “Kwa sababu niliogopa, mwanangu, na nilikosea.” Kisha nikamwomba twende pamoja nyumbani kwao, kwa kuwa nilikuwa sijampa nyanya yake mkono wa tanzia kama inavyopasa.

Tulikwenda kwa miguu karibu saa nzima. Matanga yalikuwa bado. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya mwembe. Nilimsalimu bibi yule shikamoo, nikampa pole, na baada ya kupewa kiti nilimweleza yote: karata, fisi, insha, alama 18, na moto. Nilitazamia anilaumu, nami nilikuwa tayari kuipokea lawama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akimtazama mjukuu wake wala si mimi. Kisha akasema polepole:

“Mwalimu, mzee alikuwa mgonjwa tangu mavuno ya mwaka jana. Hospitali walituambia moyo umechoka, na kwamba siku zake si nyingi. Tulijua mimi na yeye. Tulipatana tusimwambie mtoto mpaka afanye mtihani wake.” Akanyamaza, akakunja pindo la leso yake. “Tulimficha sisi, naye akaenda kuambiwa na fisi.”

Mvulana alisikia. Aliuliza, “Tangu mavuno, nyanya?” Bibi akaitika, “Tangu mavuno, mume wangu,” kwa utani ule wa nyanya kwa wajukuu. Hapo ndipo mtoto alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na bibi akamvuta mkekani karibu naye. Mimi niliinuka nikaenda kutazama mbuzi, maana kuna machozi yasiyomhusu mwalimu.

Njiani niliporudi peke yangu niliyafikiri yale maneno. Mtoto yule alikuwa ameona mengi kabla ya Jumanne ile. Alikuwa ameona babu akipumzika mara tatu kati ya nyumba na zizi. Alikuwa ameona vidonge, na mazungumzo yanayokatika yeye anapoingia. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuuliza, na hakuna mtu aliyemjibu. Ndipo akatoa karata, na karata ilikuwa na jina limeandikwa chini yake kwa wino mwekundu. Hadithi yake ya mzee na zizi haikutoka kwa fisi. Ilitoka katika hofu aliyokuwa nayo mwenyewe. Nadhani hivyo ndivyo ramli inavyopata wateja. Mtu huenda na swali ambalo jibu lake analo nusu, au ambalo jamaa zake wamekataa kumjibu, na kitu chochote chenye picha na kinachotamkwa kwa uhakika humtosha. Pengo likiachwa wazi, litajazwa na lolote lipitalo.

Wiki mbili baadaye nilimwuliza mvulana kama angependa kunichorea karata ya 13, kwa kuwa kisanduku kilikuwa na 77. Alikubali kwa sharti moja, kwamba achore fisi yule yule. Nilishangaa. Akanieleza kwamba babu yake, zamani za kutembea na reli kukagua mataruma, aliona mara nyingi pango la fisi karibu na njia, na mama akiwanyonyesha watoto wake wawili weusi, na hakupata kumchukia.

Basi mimi nami nilikwenda kusoma habari za fisi, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kumchora. Nilimwomba radhi mnyama yule moyoni. Mwanazuoni Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, na kitabu chake kikatoka mwaka 1972, alionyesha kwamba fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba huko Ngorongoro simba ndiye aliyekuwa akimpokonya fisi mawindo. Jike ndiye mkuu wa kundi. Watoto huzaliwa aghalabu wawili, weusi, macho yakiwa wazi. Babu yule wa reli alikuwa ameona sawa, na mimi, mwalimu, nilikuwa nimeandika kashfa ya ngano nikaipigia mstari mwekundu.

Mvulana alimchora mama fisi amelala mlangoni mwa pango, watoto wawili kifuani pake, na nyuma kabisa, kwa mistari miwili myembamba, reli. Alipomaliza aliniuliza aandike jina gani chini. Nikakumbuka jambo nililolisoma, ambalo sikulitilia maanani nilipokuwa nikichora yangu: katika karata nyingi za kale za Ufaransa, turufu ya 13 haikuandikwa jina. Nyingine zote zina majina. Hiyo ina tarakimu tu. Nilimwambia hivyo. Alifurahi, akaandika 13, akaifunika kalamu.

Karata hizo ninazo hata leo, na watoto bado wananiandikia hadithi kwazo. Ila desturi yangu imebadilika kidogo. Kila mwaka, kabla ya mtu kutoa karata, darasa huhesabu kwanza wenyewe nafasi ya kila mnyama, na huandika orodha ya waliotoka, ili atakayedhani ameona ishara apate mahali pa kuipima. Na mtoto akiandika mwisho unaoniumiza, siandiki “mzuri sana” kabla ya kumwita na kumwuliza habari za nyumbani.

Wewe unayesoma uko katika umri wa kuulizia mambo makubwa: nitafaulu, nitapendwa, nani atakufa, nitakuwa nani. Utakutana na wengi wa kukujibu, wenye karata, wenye nyota, na hata wenye simu inayotabiri kwa shilingi chache. Mmoja akikujibu kwa uhakika, chukua kalamu uhesabu ni mara ngapi amesema hivyo kwa wengine. Lakini swali likiwa ni la mtu unayempenda, usilipeleke kwa fisi wala kwa nyota. Nenda ukaketi mkekani kwa nyanya, umwulize yeye. Na siku utakapokuwa wewe mkubwa wa nyumba, mtoto akikuuliza, mjibu.

Jana jioni nilizihesabu tena kabla ya kuzifunga. Zilikuwa 78, kamili.